Katalogi Isiyowajua Wanyiha

Mpenzi msikilizaji wa Tunduma mjini, Mpemba, Vwawa, Mlowo, Itumba kule Ileje, Chitete na Mkwajuni, na wewe jirani yetu unayetusikia kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, leo tuzungumze habari ya maktaba, hasa kile kisanduku kinachofunguka kwenye simu au kompyuta unapoingia kwenye tovuti ya maktaba ya chuo kikuu. Unaandika neno, unabonyeza, mashine inakujibu kitabu kipo au hakipo. Wenyewe wanakiita katalogi ya mtandaoni. Ninalo jambo moja la kusema juu yake, na nalisema mapema ili tusipotezane njiani: mara nyingi kisanduku hicho kinapomjibu kijana wetu kwamba hakuna kilichopatikana, kitabu kipo. Kilichokosekana ni jina ambalo sisi wenyewe tunalitumia.

Jambo hili linatugusa watu wa Songwe kuliko wengi. Mkoa wetu ni mchanga, ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kijana wa Tunduma akitaka maktaba kubwa ya chuo kikuu, ya jirani ni ya Mbeya, mwendo wa kilomita 100 hivi kwa barabara ile ile yenye foleni ya malori. Ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Tena wapo wenzetu wengi wanaosoma huku wakifanya kazi: wakala wa forodha, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wasioweza kuacha kazi na familia kufuata darasa. Kwa mtu kama huyo, katalogi ya mtandaoni ndiyo mlango wa maktaba. Hana rafu za kuzungukia wala mkutubi wa kumuuliza jioni anapofunga ofisi. Anacho kisanduku kile, na bando alilonunua kwa fedha yake. Na hapa mpakani hata bando lina shida zake: simu ikidaka mnara wa Zambia, saa inarudi nyuma saa moja na intaneti inakatika.

Siku chache zilizopita alinijia binti mmoja wa Mlowo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Chuo chake sitakitaja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Za masomo?"

"Nzuri, ila utafiti umenikwamisha. Naandika juu ya historia ya kabila letu, Wanyiha. Msimamizi anataka nioneshe yaliyoandikwa na walionitangulia, na mimi nimetafuta maktaba ya chuo, hakuna kitu."

Tukakaa kwenye steshenari moja hapa Tunduma yenye kompyuta na mtandao wa kuaminika, akafungua katalogi ya chuo chake nikiwa namtazama. Akaandika *historia ya Wanyiha*. Hakuna. Akaandika *Wanyiha wa Mbozi*. Hakuna. *Utamaduni wa Kinyiha*, hakuna. Alikuwa anaandika haraka, kama mtu anayerudia safari anayoijua mwisho wake. Nikamwambia, mwanangu, ondoa *wa*, ondoa *ki*, andika Nyiha peke yake.

Kikatokea kitabu kimoja. Ni cha Joseph Busse juu ya lugha ya Kinyiha, kilichochapishwa Berlin mwaka 1960. Binti akasogeza uso karibu na kioo. "Kijerumani, mwalimu," akasema, lakini alikuwa ameanza kutabasamu.

Nikamwambia aandike jina la kitabu cha Kiingereza, *Tanzania Before 1900*. Kikatokea: mhariri Andrew Roberts, mwaka 1968, mada yake historia ya Tanzania, namba ya rafu, nakala mbili. Ukisoma maelezo yale yote ya katalogi, neno Nyiha halimo hata mara moja. Lakini ndani ya kitabu hicho mna sura za historia ya makabila kadhaa ya nchi hii, na mojawapo, iliyoandikwa na Beverley Brock, ni ya Wanyiha. Mtafiti huyo huyo aliandika pia makala juu ya Wanyiha wa Mbozi katika jarida la *Tanzania Notes and Records* mwaka 1966. Jarida tulilikuta kwenye katalogi, nalo limeandikwa mstari mmoja tu: jina, miaka, mahali lilipo. Makala zilizomo, miaka na miaka ya makala, hazikuorodheshwa. Halafu tukatafuta kazi ya Monica Wilson ya mwaka 1958 juu ya watu wanaoishi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Humo wamo Wanyiha, wamo Wanyamwanga, wamo Wandali. Jina la kitabu linataja ushoroba wa Nyasa na Tanganyika, kabila halitajwi lolote.

Vitabu hivyo viliwekwa rafuni kabla mama wa binti yule hajazaliwa. Yeye alikuwa amekwisha kuandika, katika pendekezo la utafiti alilolipeleka kwa msimamizi, kwamba hakuna maandishi yoyote juu ya historia ya Wanyiha.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Mwanafunzi akikosa kitabu cha kujifunzia hesabu, atapata kingine. Lakini mwanafunzi anayetafuta habari za watu wake akaambiwa hakuna, anaamini. Anaandika kwamba hakuna. Msimamizi ambaye si mtu wa huku anapitisha. Tasnifu inahifadhiwa, na anayekuja nyuma yake anaisoma na kuinukuu. Baada ya muda inakuwa habari ya kitaaluma kwamba Wanyiha hawajaandikwa, na chanzo cha habari hiyo ni kisanduku kilichoshindwa kulinganisha herufi.

Maana mashine ile hulinganisha herufi. Haijui kwamba Mnyiha, Wanyiha, Kinyiha na Unyiha ni jamii moja ya maneno. Kanuni za ukutubi tunazozitumia zimetoka Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, nazo huandika majina ya makabila ya Kibantu kwa shina lake, bila kiambishi. Kwa mkutubi aliyesomea kazi hiyo ni jambo la kawaida. Kwa mtoto wa Mlowo ni kama kuambiwa atafute ndugu zake kwa jina ambalo hajawahi kuwaita.

Tena tatizo la Kiswahili ni kubwa kuliko majina ya makabila. Programu hizi zilibuniwa na watu ambao maneno ya lugha yao hubadilika mwishoni. Mwingereza akitafuta habari za wakulima, anaandika mwanzo wa neno lake, anaweka nyota, na mashine inamletea mkulima, wakulima na kilimo kwa pamoja, kwa sababu kwake maneno hayo yote huanza sawa. Kwetu neno hubadilika kichwani. Mkulima linaanza na m, wakulima na w, kilimo na k, ukulima na u. Ukiweka nyota mwishoni haikusaidii chochote. Kwa hiyo kazi ya Kiswahili iliyomo kwenye katalogi inaweza kukukwepa kwa sababu mwandishi alitumia wingi na wewe umetumia umoja. Ongeza na kile kiungo *ya* au *wa*: mara nyingi mashine inataka kila neno uliloandika lipatikane, na hicho kiungo nacho inakihesabu.

Mahali nako kuna mtego wake, na sisi wa mkoa huu tumo ndani kabisa. Ukiandika Songwe utaletewa Mto Songwe unaotutenganisha na Malawi, utaletewa uwanja wa ndege wa Songwe ulioko Mbeya, na kiwanda cha saruji cha Songwe kilichoko huko huko Mbeya. Habari za mkoa wetu kabla ya mwaka 2016 zimeandikwa chini ya Mbeya. Tunduma na Momba yote utaikuta chini ya wilaya ya Mbozi. Mkwajuni na Galula, yaani nchi ya Wabungu, utaikuta chini ya wilaya ya Chunya. Ukienda nyuma zaidi, enzi za Waingereza, tafuta jimbo la Southern Highlands kwa jina lake hilo la Kiingereza, na nchi uiandike Tanganyika. Majina ya watu nayo yameandikwa kila mmoja alivyosikia: Wanyamwanga utawakuta kama Namwanga, Winamwanga na Inamwanga, kwa sababu nusu ya waliowaandika walikuwa upande wa Zambia. Wabungu utawakuta kama Wungu. Mwanafunzi Mnyamwanga wa Kapele asipojua hayo, atatoka mikono mitupu kwenye maktaba yenye habari za babu yake.

Reli yetu nayo ni mfano. Kitabu cha Jamie Monson juu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilichotoka mwaka 2009, ni kazi ya kuheshimika, na kinaeleza vizuri maisha ya watu wa kandokando ya reli. Jina lake ni *Africa's Freedom Railway*. Neno TAZARA halimo katika jina hilo. Ukiandika *reli ya TAZARA* unaweza usikione, ingawa treni yenyewe unaisikia ikipita hapa Tunduma.

Yapo mengine ambayo nitayapitia haraka. Katalogi inasema kitabu kipo, unafika rafuni hakipo. Mtu amekirudisha rafu isiyo yake, au hakikurudishwa kabisa na hakuna aliyebadilisha taarifa. Hilo linaudhi, hasa kwa aliyetoka mbali, na dawa yake ni hesabu ya rafu inayofanywa kwa ukamilifu kila mwaka. Kioo cha simu ni kidogo na kurasa nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Hayo yanarekebishika, na vyuo kadhaa vimekwisha kuyarekebisha.

Linalochanganya zaidi ni kwamba milango ni mingi na haionyeshani. Katalogi ina vitabu. Tasnifu za wanafunzi waliotangulia ziko kwenye hazina ya machapisho ya chuo, yenye anwani yake na kisanduku chake. Majarida ya nje yanayolipiwa yako mahali pa tatu. Mkulima wetu wa kahawa wa Mbozi ana kijana anayesomea kilimo. Kijana huyo akitafuta kahawa ya Mbozi kwenye katalogi ya vitabu ataona machache, wakati tasnifu za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ziko wazi mtandaoni, bure, na humo wapo waliofanyia utafiti kwenye mashamba yetu. Hapa hapa Mbimba kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa. Kazi zinazotokana na udongo wa huku zimesambaa milango mitatu minne, na kijana ameoneshwa mmoja. Maktaba inapompokea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ile saa moja ya kumzungusha jengo ingefaa iwe saa ya kumfungulia milango hiyo yote mbele ya macho yake, kwa mada anayoichagua yeye.

Sasa, je, mashine hii haiwezi kufundishwa? Inaweza kabisa. Vyuo vikuu vingi vya Tanzania vinatumia programu iitwayo Koha. Ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi mwanzoni mwa mwaka 2000, na hutolewa bure kwa yeyote duniani. Ndani yake, kama ilivyo katika programu nyingine za maktaba, kuna faili la majina sanifu. Mkutubi anaweka humo jina lililokubaliwa, na chini yake majina mengine yote ambayo watu huyatumia kulitafuta. Wazee waliosoma enzi za kadi watakumbuka: ulivuta droo, ukakuta kadi imeandikwa *tazama* fulani, ukaenda droo ya pili. Kazi ile ile inafanyika kwenye kompyuta. Wanyiha, tazama Nyiha. Kinyiha, tazama Nyiha. Winamwanga, tazama Nyamwanga. Kimondo cha Mbozi, tazama kule walikoandika kwa Kiingereza habari za lile jiwe la chuma la tani zipatazo 16 lililoko Ndolezi. Nafasi ya kuandika hayo ipo. Haijajazwa.

Na haijajazwa kwa sababu kazi ya kuingiza vitabu katika katalogi, katika maktaba nyingi, imekuwa kazi ya kunakili maelezo yaliyokwisha kuandikwa Marekani na Uingereza. Inaokoa muda, siilaumu. Lakini mtu wa Washington hawezi kujua kwamba sura moja ya kitabu cha mwaka 1968 ni muhimu kuliko kitabu kizima kwa binti wa Mlowo. Hilo analijua mkutubi wa hapa, na ni yeye peke yake anayeweza kuliandika. Orodha ya sura za kitabu huingizwa mara moja na kubaki miaka yote. Nani ataifanya kazi hiyo juu ya vitabu vya Tanzania kama maktaba za Tanzania hazikuifanya?

Hebu tazama wauza vipuri wetu wa hapa Tunduma. Anakuja dereva Mkongomani, anakuja Mzambia, anakuja Mtanzania wa Makambako, wote wanataka kifaa kimoja cha lori na kila mmoja anakiita kwa jina lake. Muuzaji hawarudishi. Amekwisha kuyashika majina yote, anaingia ndani na kutoka na kifaa. Alijifunza kwa kusikiliza wateja walioshindwa kueleweka. Maktaba nazo zina uwezo wa kusikiliza namna hiyo, kwa sababu kompyuta inaweza kuhifadhi kila neno lililotafutwa likakosa jibu. Orodha hiyo ya maneno yaliyokosa jibu ni mali. Mkutubi akiisoma kila mwisho wa juma, na kuyapeleka kwenye faili la majina hata maneno machache tu, baada ya mwaka katalogi itakuwa inaongea na watu wake.

Huko huko New Zealand ilikotoka Koha, wakutubi walishirikiana na Wamaori wakaandaa orodha ya vichwa vya mada kwa Kimaori, iitwayo *Ngā Upoko Tukutuku*, ili vitabu vinavyowahusu vitafutwe kwa maneno na fikra zao. Wamaori ni watu wachache katika nchi yao. Sisi Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni ya watu katika nchi nyingi, na tangu mwaka 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Tuna Baraza la Kiswahili la Taifa, tuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, tuna chuo cha ukutubi pale Bagamoyo, tuna umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti ambao tayari unazikutanisha maktaba hizi kununua majarida kwa pamoja. Wakikaa meza moja, orodha ya vichwa vya mada kwa Kiswahili itapatikana, na ikipatikana itumike na kila chuo, maana si haki kila maktaba ivunje jiwe lile lile peke yake. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa iweze kubeba vitabu 800,000. Jengo la ukubwa huo linastahili katalogi inayojibu kwa Kiswahili.

Wakati tunasubiri, kijana wangu unayenisikia, fanya hivi. Ondoa viambishi kwenye jina la kabila, na ujaribu kila tahajia unayoijua. Tafuta mahali kwa majina yake ya zamani. Jaribu neno la Kiingereza hata kama utafiti wako ni wa Kiswahili. Ukipata kitabu kimoja, usikiache: bonyeza mada zilizoandikwa chini yake, zitakupeleka kwa ndugu zake. Ukibahatika kufika maktabani penyewe, maktaba inayofuata mfumo wa Marekani huweka historia ya Tanzania kuanzia namba DT 436 hadi DT 449. Nenda usimame hapo, fungua yaliyomo ya vitabu kimoja kimoja, hasa vile vyenye mhariri na waandishi wengi. Halafu muulize mkutubi. Wengi wao wanajua mengi ambayo katalogi haiyasemi, na wanafurahi kuulizwa.

Binti wa Mlowo amerekebisha pendekezo lake. Ile sentensi ya kwamba hakuna maandishi ameifuta, na sasa anabishana na Brock kwa hoja, akitumia masimulizi ya bibi yake. Huo ndio usomi, na ungeanza mapema zaidi kama mashine ingemjibu siku ya kwanza.

Ombi langu ni kwa wakurugenzi wa maktaba za vyuo vikuu, kuanzia za Mbeya ambazo ndizo jirani zetu. Chukueni majina haya: Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila, Walambya, Wabungu. Yaandikeni kwenye mafaili yenu kama sisi wenyewe tunavyoyatamka, kila jina na tahajia zake zote. Mkihitaji watu wa kuwasaidia kuhakiki, walimu wastaafu wa mkoa huu tupo, na tutakuja Mbeya kwa nauli zetu.